Sufuria Ndani ya Kamioneti

Jumamosi asubuhi nilikuwa bado napanga bidhaa zangu kwenye rafu wakati Papa Soudi alipoingia dukani. Mkononi alishika king'ora cha alamu, kile kile tulichomfungia mwezi uliopita, waya zake zimekatwa na zinaning'inia. Alikiweka juu ya meza taratibu. Hakukitupa. Ni mtu wa adabu, na siku ile adabu yake ndiyo iliyonitia hofu.

“Mama Emerance,” akasema, “hii kitu yako ililia mpaka ikachoka. Muntu hata moja hakutoka.”

Papa Soudi ana kamioneti kuukuu inayoleta mchele na mafuta ya mawese kutoka upande wa Kibombo. Huilaza barabarani mbele ya nyumba yake, kwenye avenyu yetu huku mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, kwa sababu lango la uwanja wake ni jembamba. Alfajiri ile alikuwa ameenda msikitini. Wezi walikuja, wakafungua magurudumu mawili ya mbele, kisha wakachukua betri. Alamu ililia muda wote waliokuwa wakihangaika na magurudumu, ikanyamaza walipoing'oa betri. Yeye mwenyewe aliisikia kutoka msikitini. Mimi nilikuwa kwenye misa ya alfajiri, upande wa pili wa mji, sikusikia kitu.

“Nilimaliza swala yangu polepole,” akasema. “Sikukimbia. Juu ya nini? Juu nilikuamini. Weye ulisema, ikilia, watu watatoka.”

Ni kweli nilisema hivyo, na si kwake tu. Mteja wa Kindu akishika alamu mkononi haulizi imetengenezwa wapi wala ina waya ngapi. Anauliza nani atakuja. Nami nilikuwa na jibu moja kwa wote: majirani watakuja, nani atalala na kelele kama hii?

Papa Soudi hakutaka nimrudishie chochote. Alinikumbusha tu kwamba Ijumaa, baada ya swala ya mchana, chama cha wenye magari na pikipiki kingekutana kuamua kama watanunua alamu zangu kwa pamoja. Wote walikuwa wakimngoja yeye, kwa kuwa ndiye aliyekubali kujaribu wa kwanza.

“Ijumaa nitasema ile macho yangu iliona,” akaniambia. “Kama kuko kingine cha kuona, unionyeshe mbele ya ile siku.”

Alipotoka, Kassim alikohoa nyuma ya makopo yake ya oli. Duka ni lake. Anauza vipuri, na mimi alinipa nusu ya meza na rafu moja, kwa sharti kwamba bidhaa zangu zitembee. Zilikuwa hazitembei. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimemwona akiitazama rafu yangu kwa jicho la mtu anayepima makopo mangapi yataingia.

“Mama, uuze sala sasa,” akasema. “Hizo hazina waya za kukata.”

“Na weye utakuwa mteja wa kwanza,” akamjibu Djuma, fundi wangu, “na hutalipa.”

Sikucheka. Kabla ya alamu nilikuwa nachoma samaki kando ya soko mpaka moshi ukanishika kifua. Daktari wa zahanati aliniambia nikiendelea nitazikwa na samaki wangu. Kazi hii niliipata kwa maombi na kwa ukaidi, na nilijua kwamba madereva wakikataa Ijumaa, rafu itarudi kwa Kassim, nami nitarudi kwenye moshi. Niliweka king'ora ndani ya mfuko wangu, nikamwambia Mungu moyoni: sitarudi kule, Bwana, unionyeshe mlango.

Jioni nilianza na watu wa avenyu yetu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza swali moja: alamu ya Papa Soudi ililia, mlikuwa wapi? Gisèle, jirani yangu wa kushoto, alisema alidhani ni redio. Elie seremala alisema alikuwa na homa, lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona amebeba mbao mbili begani. Mwingine akasema alidhani mwenzake ametoka. Walinijibu wakitazama chini, na wote walinikaribisha chakula, jambo ambalo watu hufanya wanapokuwa na aibu.

Mwisho niliingia kwa Mama Rehema, jirani yangu wa kulia, mjane, mtu mzima kuliko sote pale. Hakunidanganya. Alinipa kiti, akauliza habari ya kifua changu, na swali langu akaliacha pale lilipoanguka.

Jumapili nilikwenda misa, na mahubiri hayakuniingia. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini watu wema, watu ambao mtu akifiwa hulala kwake wiki nzima, wanaweza kusikia gari la jirani linavunjwa na wasitoke. Nikatoka kanisani na shauri moja: nione kwa macho yangu kinachotokea alamu inapolia kwenye avenyu.

Jumatatu asubuhi Djuma aliazima betri kwa Kassim, akaunganisha tena king'ora kile kile kwenye kamioneti, iliyokuwa imekaa juu ya mawe mahali pa magurudumu. Tulikubaliana abonyeze kidude cha kukiwashia akiwa mbali, bila kumwambia mtu yeyote. Mimi nilikwenda kwa Mama Rehema, nikaketi naye uani tukachagua mchele. Kutoka pale ungeweza kuona karibu avenyu yote. Gisèle alikuwa akianika nguo. Elie alikuwa akipiga randa mbele ya karakana yake na kuimba. Jua lilikuwa limekwisha panda, hakuna kitu cha kuogopa mahali popote.

Djuma akabonyeza.

Gisèle aliacha shuka likaanguka kwenye mchanga, akamvuta mtoto wake kwa mkono, mlango ukafungwa. Elie alikuwa ameinama nyuma ya mbao zake, mikono juu ya kichwa. Mama Rehema alishuka kutoka kwenye kigoda mpaka chini, mgongo ukutani, ungo bado mikononi mwake na hakuna punje iliyomwagika, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Na mimi, mimi ninayeiuza ile sauti, nilisikia harufu ya majivu puani mwangu. Shavu langu lilikuwa chini, karibu na mafiga. Sikukumbuka nimefikaje pale.

Aliyebaki amesimama wima katika avenyu nzima alikuwa Djuma, kidude chake mkononi, akitugeukia kwa mshangao. Djuma hakuwa Kindu miaka ya vita. Alikulia Obokote, na vita aliyoiona yeye ilikuwa ya msituni, isiyokuwa na king'ora.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Kile king'ora kilipotoka kwenye boksi kilikuwa na sauti nyingi zinazopokezana, nyingine kama ndege, nyingine kama kichanga. Djuma alizizima zote akabakiza moja, ile ndefu inayopanda na kushuka, kwa kuwa mwizi angedhani askari wanakuja. Nami nilikubali. Tuliijaribu sokoni, katikati ya muziki na makelele ya wauzaji, na kule haikunigusa. Sikuwa nimewahi kuisikia nyumbani, kwenye avenyu niliyozaliwa.

Miaka ile, mji ulipozingirwa, treni ikaacha kuja, askari walioushika mji walikuwa na jipu lenye king'ora. Lilipita kwanza, likilia. Nyuma yake walikuja kwa miguu wale wa kupiga milango. Kwa hiyo jipu likilia unalala chini, mbali na dirisha, na hunyanyuki mpaka uwe umesikia jogoo au sauti ya mtu unayemjua. Hakuna aliyetufundisha. Watoto tuliijua kama tulivyojua kusalimia.

Djuma alipozima, Mama Rehema alirudi kwenye kigoda chake, akaendelea kuchagua mchele.

“Sasa umejua,” akaniambia. “Usiniulize tena.”

Kisha akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Habari ile niliijua nusu, kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa. Mume wake, Masudi, alikuwa mtu wa reli. Siku moja jipu lililia mchana, na mtoto wa jirani alikuwa amebaki barabarani akicheza na kifuniko cha chupa. Wote walilala. Masudi akatoka. Alimrusha mtoto ndani ya uwanja, juu ya uzio, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kurudi ndani. Walimpakia kwenye jipu, na mpaka leo hakuna aliyemwonyesha mahali pa kaburi.

Yule mtoto ndiye Elie seremala. Ndiyo maana bati la Mama Rehema halijawahi kuvuja mvua.

Nilirudi dukani. Djuma alisema turudishe sauti ya ndege. Nikamwambia sauti ya ndege haimtoi mtu kitandani, na bado nilikuwa nikiwaza kuhusu Mama Rehema na ungo wake. Kumbukumbu nyingine ikanijia, ya miaka ile ile.

Kulikuwa na jipu, ndiyo. Lakini kulikuwa pia na wale wasiokuwa na jipu wala bunduki, waliotumia vita kuja kuiba. Walikuja kwetu kuchukua baiskeli ya baba, ile aliyosukuma nayo chumvi na sabuni hadi Pangi kabla barabara hazijafungwa. Walikuwa wamekwisha ushika mlango. Mama yangu alichukua sufuria na mwiko mkubwa wa kupikia ugali, akaanza kupiga: mbili za haraka, moja nzito, mbili za haraka, moja nzito. Kwa kitambo hakukuwa na jibu. Kisha kutoka upande wa pili wa ukuta ikajibu sufuria nyingine, nene, yenye sauti kama ngoma iliyolowa. Ilikuwa ya Mama Rehema. Halafu ikajibu ya tatu, halafu avenyu nzima, na milango ikafunguka, na wale watu wakaondoka mikono mitupu. Baba alizeeka na baiskeli yake.

King'ora kilituambia tulale. Sufuria ilituambia tutoke. Tulikuwa tumemfungia Papa Soudi sauti ya kulala.

Nilipomweleza Djuma, alicheka sana mpaka akakaa.

“Mama Emerance, tuweke sufuria ndani ya kamioneti? Na nani wa kuipiga, mwizi?”

Lakini sokoni jibu lilikuwa likipita mbele yetu kila siku, na siku ile likapita tena: muuza dawa ya panya, megafoni begani, sauti yake aliyoirekodi ikiimba yenyewe bila yeye kufungua mdomo. Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Djuma aliacha kucheka. Alimtazama yule mtu mpaka akapotea kwenye kona, kisha akavaa viatu vyake na kumfuata. Alirudi na megafoni nyingine, iliyovunjika mpini, ambayo yule muuzaji alikuwa nayo nyumbani. Mpaka jioni alikuwa ameifungua yote juu ya meza ya Kassim. Waya uliokuwa ukienda kwenye king'ora sasa ungewasha megafoni, na megafoni ingesema chochote tutakachoirekodi. Tena akaipa betri yake ndogo na kuificha chini ya kiti, ili mwizi akikata betri kubwa, sauti isife.

“Ukiniletea mtu wa kupiga,” akasema, “mimi niko tayari.”

Jumanne mapema asubuhi nilipiga mimi mwenyewe, kwa sufuria yangu ya alumini niliyonunua mwaka jana. Tuliporudisha ile sauti kwenye avenyu, Gisèle alichungulia dirishani akauliza kama ninaita kuku. Mwingine hakuchungulia hata kidogo. Ilikuwa kelele tu. Mikono yangu haikuwa na ile sauti, na sufuria yangu nayo haikuwa nayo.

Nilijua ni nani aliyekuwa nayo. Nilijua pia niliombwa nisimwulize tena. Nilipiga magoti kando ya kitanda changu nikamwuliza Mungu kama ni haki kumgusa mtu mahali panapouma kwa ajili ya rafu ya duka. Sikupata jibu la wazi. Nilielewa tu kwamba haikuwa kwa ajili ya rafu peke yake. Tulikuwa avenyu nzima tumejifunza kulala, na wezi walikuwa wamejua.

Asubuhi ile ile nilikwenda kwa Mama Rehema nikamwambia waziwazi ninachotaka. Alikataa. Alisema tangu walipomchukua Masudi aliapa hatatoka tena, kwa king'ora wala kwa sufuria, na sufuria yenyewe hajaipiga tangu hapo. Nilimwambia sawa, mama. Sikuondoka. Nilichukua ungo mwingine tukachagua mchele mpaka ukaisha.

Jumatano nilirudi. Safari hii sikusema neno juu ya alamu. Yeye alikuwa akisogeza tasbihi yake kidole kwa kidole, mimi rozari yangu ndani ya mfuko wa gauni, na midomo yetu ikitembea bila sauti, kila mmoja kwa njia yake, kwa Mungu anayetusikia sote. Alinitazama mara moja tu, akauliza kama leo sina kazi. Nikamwambia kazi yangu iko hapa.

Alhamisi nilipofika alikuwa amekwisha itoa. Ilikuwa mlangoni, sufuria nyeusi ya chuma, mdomo umebonyea upande mmoja, vumbi la chini ya kitanda bado mgongoni mwake. Kando yake kulikuwa na mchi mfupi.

“Ninapiga,” akasema, “lakini kuko masharti. Wakitoka, muntu asipigwe. Hata ngumi moja. Watoke, wasimame, wamurike taa, wangojee mwenye gari. Kama hawakubali, narudisha sufuria chini ya kitanda.”

Sikumwuliza sababu. Sote tunakumbuka yule kijana aliyepigwa sokoni baada ya vita kwa baiskeli ambayo mwishoni ilionekana ni ya kaka yake.

“Na mimi mwenyewe,” akaongeza, “sikuahidi kama nitatoka.”

Nilikubali. Djuma akashikilia megafoni, Mama Rehema akapiga. Mbili za haraka, moja nzito. Mara ya kwanza alikosea, akaanza upya, na mara ya pili mapigo yakakaa sawa. Nywele za mikono yangu zilisimama. Djuma, ambaye hakuwa na kumbukumbu yoyote ya ile sauti, aliniambia baadaye kwamba alitaka kukimbia, ila kukimbia kuelekea kwenye sufuria.

Mchana wote nilipita tena nyumba kwa nyumba, safari hii na sharti. Gisèle alikubali haraka. Wengine walikubali nilipowaambia nani atakayekuwa akiita. Elie ndiye aliyesita.

“Kwa hiyo mwizi tumupe chai?” akauliza.

Nilimwambia si neno langu, ni la Mama Rehema. Akapuliza vumbi la mbao kwenye randa yake, akasema basi, kama ni la Mama Rehema.

Jioni Djuma alifunga kila kitu kwenye kamioneti. Papa Soudi alikuwa amepata magurudumu mawili ya kuazima na betri, akasimama pale akitutazama, mikono nyuma. Djuma aliponyosha kidole kubonyeza ili asikie, alimzuia.

“Acha. Wakijua ni kujaribu, watu watatoka kwa kujaribu tu. Mimi sitaki hiyo.”

Alituaga, akaingia ndani. Nilihisi mzigo ukirudi mgongoni mwangu. Kesho ilikuwa Ijumaa, na hakuwa ameona chochote.

Alfajiri nilikuwa nimepiga magoti, adhana imekwisha muda si mrefu, sijafika hata katikati ya sala zangu. Sufuria ikalia.

Sikufikiri. Nilikuwa mlangoni, sufuria yangu ya alumini mkononi, kabla ya kujua kwamba nimesimama. Nje kulikuwa na mwanga ule mdogo unaokuonyesha umbo la mtu na kukuficha uso wake. Kando ya gurudumu la kamioneti kulikuwa na mtu mmoja ameinama. Na avenyu ilikuwa tupu. Kushoto milango imefungwa, kulia milango imefungwa, sufuria ya Mama Rehema inapiga peke yake kutoka chini ya kiti cha gari. Miguu yangu iliniambia nirudi ndani. Nilimwambia Mungu maneno machache tu, usiniache barabarani peke yangu, nikatembea kwenda katikati ya njia, nikaanza kupiga nikiifuata ile ya garini. Mbili za haraka, moja nzito. Mtu yule alijibanza nyuma ya boneti, hakukimbia, na hilo lilinitisha zaidi.

Kisha nikasikia komeo.

Lilikuwa la zamani, la chuma, komeo ninalolijua tangu utoto. Mama Rehema alitoka, khanga imefungwa vibaya, sufuria nyeusi kifuani, akipiga. Hakunitazama. Alitembea moja kwa moja kuelekea kwenye gari, na mapigo mawili, lile la mkononi mwake na lile lake la garini, yakaungana yakawa moja. Hapo milango ilifunguka kama ilikuwa ikimngoja yeye. Gisèle na tochi ya simu. Watu wa nyumba za chini na mifuniko, na bati, na chochote kinacholia. Mtu mzima mmoja katika suruali ya mke wake. Wote wakitembea, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyelala.

Elie alifika wa kwanza kwenye gari, ubao mkononi. Akauinua.

“Elie,” Mama Rehema akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. “Tulisema nini?”

Ubao ulibaki juu. Halafu akaushusha, akauweka chini kabisa, akasogea nyuma.

Yule mtu alinyanyuka polepole, mikono juu, katika kanzu nyeupe, kofia imeenda upande mmoja. Gisèle akammulika usoni.

Kelele zote zilikoma isipokuwa ile ya chini ya kiti. Mama Rehema alisogea, akamtazama kwa karibu.

“Soudi,” akasema, “kumbe njo weye mwizi?”

“Njo miye, ni miye, mama,” akajibu Papa Soudi, akihema. “Nilipiga teke gurudumu yangu. Nilitaka kuona. Swala ya jamaa imenipita, Mungu anisamehe.” Akamtazama Elie, akatazama ule ubao chini. “Na anisamehe sana, juu nilikaribia kufika kwake leo.”

Gisèle ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikaenda avenyu nzima. Hata yule wa suruali ya mke wake akacheka, ingawa sehemu ya kicheko ilikuwa ya kumcheka yeye. Djuma hakuwepo kuizima ile sauti, na Papa Soudi kwa hofu yake alikuwa ameangusha kidude cha kuizimia mahali fulani kwenye nyasi. Tulikitafuta sote kwa tochi huku sufuria ikiendelea kutuita, na sisi tumekwisha kuja.

Mama Rehema hakucheka. Alikuwa amesimama pale barabarani, mahali pale pale walipomchukua Masudi, akitazama nyumba yake kutoka nje. Elie alikwenda akasimama kando yake. Wakabaki hivyo mpaka kulipopambazuka.

Mchana sikuwa kwenye mkutano wa chama. Nilikuwa dukani nikipanga upya rafu iliyokuwa tayari imepangwa, na Kassim akinitazama. Djuma ndiye aliyekwenda, akarudi akiwa anatembea haraka, na aliponisimulia alisimama katikati ya duka kama mhubiri. Papa Soudi alinyanyuka mbele ya wote. Hakueleza waya wala megafoni. Alisema tu kwamba amekuwa mwizi tangu alfajiri, na kwamba kazi ile ni ngumu, kwa maana hakupata nafasi ya kulegeza hata nati moja. Madereva wakacheka, wakauliza, akawajibu. Mwishoni walikubali.

Kassim alinyanyuka, akaanza kuhamisha makopo yake ya oli yaliyokuwa yameanza kuvamia upande wangu wa meza.

“Umeamua kununua sala?” Djuma akamwuliza.

“Nyamaza, fundi,” akasema Kassim. “Shika huku.”

Sasa siuzi tena kama zamani. Jumatatu iliyofuata alikuja wa kwanza kati yao, dereva wa mtaa wa Mikelenge, mtu mnene mwenye haraka, akataka afungiwe mara moja sufuria ile ile iliyokuwa kwa Papa Soudi. Nilimwambia ile haitamfaa. Kule kwake hawamjui Mama Rehema, wataisikia na kugeukia upande wa pili wa kitanda.

Nikamwuliza swali ambalo tangu siku ile ninawauliza wateja wote kabla sijafungua boksi: kwenye avenyu yako, ni nani ambaye akiita, watu wanatoka?

Alitazama nje, akahesabu nyumba kichwani mwake, uso wake ukabadilika mara mbili au tatu. Mwishoni akasema hajui. Alidhani anajua, lakini hajui.

“Nenda ukaulize,” nikamwambia. “Mimi niko hapa.”